Vikengele vya Bwawani

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, na hakuna aliyemwonea. Alikuwa fundi simu, na fundi simu ni mtu wa kukaa, lakini yeye akiketi hata kwa kikombe kimoja cha chai, goti lake linacheza chini ya meza mpaka vijiko vinalia. Akila anasimama. Akiongea anatembea. Mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba katika picha zote za harusi yao hakuna hata moja ambayo bwana harusi ana uso kamili.

Palikuwa na mahali pawili tu pa kumtuliza. Pa kwanza ni kwenye lenzi ya dukani, alipokuwa akichomelea vipande vidogo kuliko punje ya mchele ndani ya simu za watu. Pa pili ni kwenye hadubini ya nyumbani, aliyoinunua shule moja ilipouza vitu vyake vikuukuu. Siku za mapumziko alikwenda kwenye bwawa lililo nyuma ya kiwanda cha matofali, akarudi na chupa ya jemu iliyojaa maji ya kijani, akaweka tone moja juu ya kioo, akabana simu yake kwenye tundu la kutazamia kwa kibano alichokichonga mwenyewe. Humo ndani mlikuwa na mji mzima wa viumbe wadogo mno: wenye magurudumu kichwani, wenye makasia, na wengine wa kijani wanaobingirika tu kama watoto waliofunga shule. Mkewe aliviita vyote tope.

Kipenzi chake kilikuwa vikengele. Ni vinyama vyenye umbo la kengele, kila kimoja kimeshika jani kwa kikonyo chembamba. Vikiachwa kwa amani hufungua midomo, na vinywele vya ukingoni huzunguka vikivuta chakula. Vikishtuliwa hata kidogo, vikonyo hujikunja ghafla kama waya wa simu ya mezani, kisha vinajinyoosha polepole, kwa uchungu wa mtu aliyeamshwa bure. Alitaka picha moja ya kundi zima limefunguka. Zamani alikuwa akizipata picha kama hizo bila jasho. Mwaka huu kila aliyopiga ilitoka na ukungu, na vikengele vilijikunja mara tu aliposogeza kidole.

"Kuna kitu kinatikisa nyumba hii," alisema.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na Kiguu na Njia hakukosa jua la kusingizia. Kwanza yalikuwa malori, basi meza ikahamishwa kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma. Halafu ikawa mashine ya kufulia ya jirani wa juu, basi meza ikarudi sebuleni, miguu yake imevalishwa vipande vya ndala. Halafu ikawa friji. Mwisho lawama zikamfikia mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao tangu mguu wake uanze kumsumbua, na ambaye fimbo yake ililia ko, ko, ko kila alipopita ukumbini.

Sasa, mtu anamwambiaje mama mkwe asitembee? Akamtuma mke.

"Nikamwambie mama yangu asitembee nyumbani kwa mkwewe," mke alisema, "kwa sababu anawatisha wadudu."

"Si wadudu."

"Ni nini?"

"Ni wanyama. Wadogo."

"Basi nenda kamwambie mwenyewe, baba watoto. Mimi bado naitaka radhi ya mama."

Hakwenda.

Siku hizo hizo pale dukani kulikuwa na jambo ambalo nyumbani hakulisema. Msusi wa jirani alirudisha simu iliyozimika tena. Fundi alipoifungua aliona tone la risasi ya kuchomelea limedondokea pasipo pake na kuunganisha vipande viwili visivyostahili kuonana. Hiyo ilikuwa kazi yake mwenyewe. Akamwambia msusi kwamba spea ilikuwa feki, na msusi akaamini, kwa sababu fundi huyo alikuwa hajawahi kukosea. Tangu hapo kazi za ndani kabisa alimpelekea mwenzake wa ng'ambo ya barabara, akidai miwani yake imechoka. Chai akawa anainywa kwa mkono wa kushoto, na wa kulia anaukalia.

Aliogopa, tusizunguke. Mkono ule ndio uliokuwa shamba lake. Watoto walisoma kwa mkono ule na paa liliezekwa kwa mkono ule. Alikuwa kama mtu anayesikia maji yakidondoka darini na kukataa kuinua macho. Na mwenye hofu hakosi shughuli. Ndiyo maana meza haikutulia mahali pamoja.

Siku ya mapumziko iliyofuata aliitiisha nyumba nzima. Friji ilichomolewa, mke akilalamikia maziwa yake. Feni ilizimwa. Mama mkwe alikalishwa kwenye kochi na fimbo mapajani, akaombwa kwa adabu zote apumzike. Fundi akainama kwenye hadubini. Vikengele vilikuwa vimefunguka vyote. Akanyoosha kidole kugusa simu, navyo vikajikunja kama vilivyoambizana. Picha ikatoka ukungu mtupu.

"Mama, umetembea?"

"Nimekaa, mwanangu. Hata pumzi naikopa."

Akajaribu tena, ikawa yale yale. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akaenda mlangoni, akarudi. Alisema nyumba ilijengwa na wezi wa saruji.

Mke alimtazama mpaka akachoka. "Hiyo simu si ina ile ya kuhesabu? Unaweka, halafu unakimbia kuja kusimama nasi kwenye picha. Iweke, ukae mbali nayo. Kwani lazima uishike?"

Alitafuta sababu ya kukataa, akaikosa. Akaiweka. Akarudi nyuma, mikono mgongoni. Simu ikaanza kuhesabu, na mama mkwe naye, koo limemkauka kwa utulivu wa kulazimishwa, akainuka kufuata maji. Ko, ko, ko, nyuma kabisa ya hadubini. Nje lori likapita na madirisha yakalia. Jikoni mke akafunika sufuria kwa kishindo. Fundi alisikia vyote, na moyoni alifurahi, maana sababu zote zilikuwa zimekusanyika.

Simu ikalia. Akaitazama.

Vikengele vilikuwa vimefunguka vyote, safi, na kila kimoja ungeweza kuhesabu vinywele vyake. Maishani hakuwahi kupiga picha kama ile.

"Mama, njoo uone," mke aliita, ametoka jikoni na kumwegemea begani. "Jamani, hivi ndivyo vilivyotutesa? Ni vizuri. Kumbe ilikuwa friji, nyumba ilitaka muda tu wa kutulia! Basi tutakuwa tunaizima, baba watoto, maziwa nitayamaliza mapema."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, umefunguliwa na mtu anayempenda. Alichotakiwa ni kusema ndiyo. Mama mkwe alikuja na bilauri yake, akaitazama picha kidogo, akasema nzuri, kisha akautazama mkono wa mkwewe kwa muda mrefu zaidi, kama mtu aliyekuwa akiutazama tangu zamani.

Kiguu na Njia akaketi. Akautoa mkono wa kulia nyuma, akaulaza mezani mbele yao, akauacha pale. Ulitetemeka kidogo tu. Goti lilikuwa limetulia.

"Washa friji," akasema. "Friji haina kosa."

Mke alitaka kucheka, halafu macho yake yakafuata macho ya mama yake. Alikwenda akaichomeka friji, kwa kuwa ndilo aliloambiwa. Aliporudi alivuta kiti akakaa upande wa ule mkono.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya simu ya msusi," alisema. "Spea yake haikuwa feki."