Mwaka Kaka Alipokwenda Kwenye Mabomba

Kabaidi, yale mawe ya kutolea gesi ya kuchomelea, ikitiwa maji hutoa harufu mbaya, kama ya kitunguu saumu kilichooza, na mafundi walioizoea hawaisikii tena. Mimi niliisikia mara ya kwanza Ndanda, kiangazi kile mama alipolazwa hospitali ya misheni. Karakana ilikuwa karibu na wodi ya wanawake. Nikipika uji wa mama kwenye jiko la nje, upepo uliniletea harufu hiyo pamoja na mvumo wa moto mwembamba wa gesi, nami nikikoroga huku macho yakijifumba yenyewe, maana sikumbuki siku hata moja ya msimu ule niliyoamka nikiwa sijachoka.

Kwetu ni Mnyambe, juu ya uwanda wa Newala, ambako enzi zile za Mwingereza watu waliishi juu na maji yalikaa bondeni. Wanawake waliteremka genge, ule ukingo mkali wa uwanda, alfajiri wakishikilia mizizi, wakangoja zamu kisimani, kisha wakapanda na debe kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Mama aliteleza wakati wa kupanda. Aliangukia mawe, nyonga ikavunjika. Walimbeba kwa machela hadi barabarani, lori la korosho likatufikisha Masasi, na kutoka huko Ndanda. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya kanisa, alinitoa darasani ili nimuuguze. Kaka yangu Daudi alikuwa amemaliza darasa la nane, na kila mtu pale kijijini alijua kwamba anakwenda chuo cha ualimu. Alikuja Ndanda kumjulia hali mama tu, lakini akanogewa na karakana.

Kisa ni kitanda. Mguu mmoja wa kitanda cha mama ulikatika, tukamlaza mkekani, na Daudi akasaidia kukibeba hadi kwa Fundi Kasiani, mtu mzima mpole aliyechomelea vyuma vya misheni. Jioni kaka alirudi na masizi usoni. "Mama," alisema, "nimeona chuma kinayeyuka kama samli, halafu kinaungana tena." Tangu siku hiyo akawa anashinda huko. Baba alipokuja mwisho wa juma alimkuta amechuchumaa anasugua kutu, akakunja uso. "Nimekusomesha ili uwe mhunzi?" aliuliza. Aliyejibu ni Fundi Kasiani. "Mwalimu, usimkataze wala usimruhusu. Mwonyeshe kwanza kazi yenyewe, pamoja na ubaya wake." Akaeleza kwamba fundi wa kuchomelea anaweza kubaki misheni, akijifunza polepole, akiunga vitanda na mageti, akila na kulala hapo hapo. Anaweza kwenda Masasi kwenye gereji za malori, alale chini ya magari na kupokea matusi ya madereva. Au anaweza kufuata mabomba, kwa sababu serikali ilikuwa inaleta mashine za kusukuma maji yapande uwandani, na huko chini ya genge walitafuta vijana. Ila mabomba hayakai mahali pamoja, na anayeyafuata naye hakai.

Baba alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kuonea. Likizo ilipofika alimchukua Daudi wakaenda kuona. Kutoka Masasi walirudi na vumbi na nguo zinazonuka grisi, na baba akawa mchangamfu kidogo, nadhani kwa kuwa gereji haikumvutia kaka. Kisha wakaenda kwenye mabomba. Safari hiyo baba alirudi akimwongoza Daudi kwa mkono kama kipofu. Alikuwa ametazama moto wa umeme wa kuchomelea bila kinyago cha kukinga macho, na sasa kope zimevimba, machozi yanamtiririka, anasema macho yamejaa mchanga. Nesi alimwekea dawa, nami nikakaa naye mkekani kando ya kitanda cha mama nikimbadilishia kitambaa chenye maji baridi.

"Mama Daudi," baba alisema, "nafikiri tumejibiwa. Mtoto ataenda ualimu."

"Nitavaa kinyago, baba," Daudi alisema kutoka mkekani.

Mama akauliza, "Hayo mabomba yanakwenda wapi?"

"Newala. Wanasema na kwetu yatafika."

"Basi mwache aende."

"Na macho yake?"

"Nyonga yangu imeshakwenda kwa maji, Baba Daudi. Baada yangu ni nani? Estha?"

Baba akanigeukia. Nilikuwa nakamua kitambaa, na sikujua niangalie wapi. Alitoka nje, akasimama kwenye jua bila kofia. Aliporudi alimwambia kaka, "Ukishakwenda, usije kuniambia umechoka." Hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa.

Daudi aliondoka macho yalipopona. Mama alirudi nyumbani na mkongojo, na debe lake likawa langu. Nililibeba mpaka maji yalipopanda, na shule sikurudi. Siku bomba la kijiji lilipofunguliwa nilikuwa na mtoto mgongoni. Wanawake walipiga vigelegele, baba alikinga viganja akanywa, akasema tu, "Ya baridi." Kaka hakuwepo, kazi ilikuwa imeshampeleka Lindi, na baadaye mbali zaidi. Alipohamia tena Mnyambe baba alishafariki, na macho ya Daudi hayakuweza tena kuvumilia jua. Alikaa ndani mchana, mlango umerudishwa, na sikumsikia akilalamika.

Sasa mjukuu wangu Neema anasomea kuchomelea katika chuo cha ufundi Masasi. Ana kinyago cha kioo cheusi, glavu ndefu na viatu vya chuma mbele, na anazungumzia kazi za meli, majengo, au karakana yake mwenyewe, kama mtu anayechagua khanga dukani. Namfurahia, ingawa kumsikiliza kunanichosha. Mabomba ya kwetu hukauka majuma mengine, na watu hununua maji kwa vijana wa pikipiki, lakini hakuna anayeteremka genge. Mwezi uliopita, akinipaka dawa magotini, Neema aliniuliza, "Bibi, wewe ulitaka kuwa nani?" Nilimwambia anipe muda nifikiri. Amekuja mara kadhaa tangu hapo, na kila akija ninaogopa atakumbuka kuniuliza, kwa sababu nimetafuta na bado sijapata cha kumjibu.