Kadi Moja ya Geti kwa Akina Mama Wawili

Sheria ya kazi ya nchi hii inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto wake ndani ya muda wa kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Imeandikwa. Kasomeni kwanza ndo mje kubishana kwenye komenti. Ila haisemi mtoto atakuwa wapi muda huo, na haisemi mama anatokaje getini.

Sekela anakaa Chanika. Kazini kwake ni kiwanda cha biskuti jirani na Kiwalani. Alivyomaliza siku zake themanini na nne za uzazi, alijua kabisa kwamba akimwacha mtoto nyumbani, hayo masaa mawili yataishia barabarani na mtoto hajaonja kitu. Akaamua kumbeba. Kila alfajiri anatoka na Atupele mgongoni, anamwacha kwa Mwanakombo, mama mwenye nyumba wangu, ambaye analeaga watoto wa wafanyakazi uani kwake. Kutoka hapo mpaka kiwandani ni mwendo wa dakika nane.

Kwa Mwanakombo hapohapo ndiko Raudha alikuwa anamwacha Suhaib wake. Raudha ni mtoto wa Kiwalani, kaolewa na Badru, ambaye kwao ni Kunduchi. Yeye na Sekela wanafungasha laini moja, na walijifungua wakipishana wiki mbili tu.

Supavaiza wao, Albano, si mtu mbaya. Ana watu kumi na wawili kwenye laini na mashine haimsubiri mtu, basi akatoa kadi moja ya geti. Mmoja anatoka, akirudi anampa mwenzake.

"Mkitoka wote wawili nani atafunga katoni?" aliwauliza. "Mie?"

Zamu zikawa hivi: Sekela saa nne asubuhi, Raudha saa nane mchana. Nusu saa kila mmoja, mara moja kwa siku.

Atupele aliikubali chupa kwa shingo upande. Suhaib aligoma kabisa. Mwanakombo alijaribu kikombe, akajaribu kijiko, mtoto anatema na kulia. Ndege zinapita juu ya bati hapo kila saa na hashtuki, ila njaa ilimshinda. Siku ya tatu Sekela kaja saa nne, kakaa kwenye mkeka, anamnyonyesha Atupele, huku Suhaib analia mpaka sauti imekauka.

"Maziwa yalianza kutoka yenyewe upande wa pili," aliniambia. "Kichanga kikilia, kifua hakiulizi ni cha nani."

Akampakata na Suhaib. Aliporudi kwenye laini akamwambia Raudha. Raudha alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, maana vidole vina sukari, halafu akacheka.

"Basi saa nane mie nampa wako, Mama Atu. Tusidaiane."

Ndo wakapanga hivyo. Anayetoka ananyonyesha wote wawili. Kila mtoto akawa anapata ziwa mara mbili kwa kadi ileile moja. Wakaenda hivyo wiki tatu. Suhaib akajaa mashavu. Albano akawasifia mbele ya wenzao kwenye kikao cha asubuhi: "Igeni hawa, wanajiongeza." Na sisi pale nyumbani tuliwasifia. Hapo ndipo tunapokoseaga wote. Mtu akibanwa, tunampigia makofi kwa jinsi alivyojikunja, hatuulizi nani kambana.

Jumanne moja saa nne asubuhi, akaingia uani Bi Mwajabu, mama mkwe wa Raudha. Katoka Kunduchi na kikapu cha samaki wa kukaanga, amekuja kumwona mjukuu. Akamkuta mjukuu kifuani kwa mwanamke asiyemjua.

"Shikamoo Mama," Sekela akasema, hajasimama.

"Marahaba. Huyo si Suhaib?"

"Ndiye, Mama. Mie nafanya kazi na mama yake."

"Umemnyonyesha mara ngapi?"

Sekela akadhani anaulizwa kwa leo. "Hii ya kwanza, Mama."

"Sikuulizi leo. Zote. Tano zimefika?"

"Mama, ni wiki tatu sasa."

Bi Mwajabu akaweka kikapu chini, akakaa palepale sakafuni. "Basi yameshakuwa," akasema. "Zikishafika tano, ni mwanao huyo. Na huyo wako ni dada yake. Hawaoani mpaka dunia iishe."

Sekela ni Mnyakyusa wa Tukuyu, msharika wa Moravian. Kwao jambo hilo halipo. "Mie nilimpa maziwa tu, Mama."

"Maziwa tu! Kwetu sie maziwa yanazaa, mwanangu."

Raudha alikuwa anajua. Chuoni, madrasa, alisoma hayo. Jioni walipokaa barazani, Badru kainamisha kichwa, mama yake alimuuliza kwa nini hakusema.

"Mtoto alikuwa na njaa, Mama. Ningesema, mngekaa kikao. Yeye angekula kikao?"

Badru alitaka kucheka akajizuia.

"Sijakataa kunyonyeshewa," Bi Mwajabu akasema. "Ni jambo la heri. Ila linaombwa, linatangazwa, watu wanajuana. Nyie hata kwao huyo Sekela hamkujui. Udugu wa mjukuu wangu umepangwa na kadi ya geti! Alhamisi naondoka naye. Na wewe utakuja naye, maana chupa hataki."

Maana yake Raudha aache kazi. Na maana yake Atupele naye asinyonye tena ile saa nane. Hilo wote pale walilielewa.

Jumatano asubuhi wakamfuata Albano kuomba kadi ya pili.

"Mbona wiki tatu mmeweza na moja?" akawauliza.

Someni hilo swali tena. Ubunifu wao wenyewe ndo umekuwa ushahidi dhidi yao.

"Tuliweza kwa sababu watoto wanalia," Sekela akamjibu, "siyo kwa sababu kadi inatosha."

Raudha akamwonyesha kifungu cha sheria kwenye simu. Albano akasoma, akasoma tena. "Hapa hawajasema mmoja mmoja," akakiri. "Ila lazima nimuulize meneja. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo mwanangu yuko Kunduchi, kaka Albano."

Saa nne Sekela akaenda uani peke yake. Bi Mwajabu alikuwa kampakata Suhaib, ambaye keshaanza kulia. Sekela akamnyonyesha Atupele tu, kama bibi alivyomwelekeza. Hakuinua macho. Blauzi yake ililowa upande wa pili. Suhaib akaisikia harufu, akawa anajinyonga mikononi mwa bibi yake, analia kile kilio cha kukata pumzi. Mwanakombo akaingia jikoni, hakutaka kuona.

Bi Mwajabu alivumilia, sijui dakika tano. Halafu akainuka akamkabidhi Sekela mtoto.

"Mpe. Udugu umeshaingia. Kumnyima sasa ni dhambi bila faida."

Suhaib aliposhiba, bibi akavaa baibui, akambeba, akaongozana na Sekela mpaka getini. Akamwambia mlinzi amwitie mkubwa wa laini. Albano akatoka mbio, kofia ya kazi kichwani, akijua anakuja kutukanwa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kukupa mkono."

"Wa nini tena, Mama?"

"Wewe ndiye uliyeziunganisha hizi familia mbili. Huyu wa Tukuyu, yule wa Kunduchi, wewe katikati na kadi yako. Jumamosi tunawatangaza watoto kuwa ni ndugu. Mshenga hakosi."

Mlinzi akageukia ukutani, mabega yanacheka. Albano alimwangalia mtoto, akamwangalia Sekela na ile blauzi iliyolowa. Hakucheka. Akaomba udhuru, akaingia ndani, na safari hii hakusubiri wiki ijayo kumuuliza meneja.

Kadi ya pili ilikuwa kipande cha boksi la biskuti, kimepigwa muhuri juu. Saa nane Raudha na Sekela walitoka geti moja kwa pamoja. Kwenye laini alibaki Albano anafunga katoni zao, anafunga ovyo, wenzao wanamzomea.

Alhamisi Bi Mwajabu hakuondoka. Alisubiri mpaka Jumamosi, pilau likaliwa, Gaudens, mume wa Sekela, akaja kutoka Chanika na mkungu wa ndizi, watoto wakatajwa mbele za watu. Albano alikuja pia, kachomekea.

Jumapili bibi akarudi Kunduchi na kikapu kitupu, mjukuu kamwacha. Akiwa mlangoni alimshika Sekela mkono.

"Idi usiponiletea binti yangu huyo, nitakufuata hukohuko Chanika. Na mkinyonyeshana tena iwe kwa kupenda. Isiwe kwa kubanwa."