Mada Iliyosemwa Haitoki

Mwezi mmoja kabla ya mtihani wake wa kidato cha nne, mjukuu wangu alikuja kwangu Tinde kutoka Geita, anakoishi na mama yake. Nilimwandikia maneno ya Kiingereza, "the man who is digging here", nikamwagiza ayafupishe kwa kuondoa mawili, yabaki "the man digging here". Hakushika hata kalamu.

"Babu, hiyo haitoki kwenye mtihani mwaka huu."

"Nani kasema?"

"Wamesema. Twisheni nzima inajua."

Nilipandwa na hasira. Mtoto huyu anataka ualimu; akifeli Kiingereza, njia hiyo imefungwa. Nilipekua daftari lake. Mada nne zilikuwa zimekatwa kwa wino mwekundu, na shahidi wake ni "wamesema". Nimewaona wachimbaji wa Geita wakisikia kwamba dhahabu imeonekana pori fulani: huliacha duara lao, shimo walilolihangaikia miezi mingi, na kukimbilia huko na sururu begani. Huiita rashi. Sikujua kuwa siku hizi hata masomo huendeshwa kwa rashi.

Kesho yake nilipanda basi pamoja naye hadi Geita, kwa mwalimu wake wa twisheni. Aliponiona alisimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu." Kumbe nilimfundisha mimi, enzi zangu za ualimu wa Kiingereza.

Sikuitikia. Nilimwonyesha mada ile iliyokatwa daftarini. "Nani amekuambia hii haitoki?"

Alitazama sakafu. "Wewe, Mwalimu."

"Mimi?"

"Tukiwa kidato cha nne. Ulifika ukurasa wa mada hii ukasema, 'Rukeni, hii haitoki.' Na kweli haikutoka. Nami nawaambia wangu hivyo hivyo."

Nilitaka kumwita mwongo. Kisha nikakumbuka. Muhula ulikuwa ukingoni, na pamba yangu kule Didia ilikuwa inanisubiri shambani. Sikuwa nimesikia neno lolote kwa mtu yeyote. Nilibuni.

"Kwa hiyo 'wamesema' ni wewe, Babu," mjukuu wangu alisema. Mwalimu wake akajikohoza ili asicheke.

Hasira haikupungua, ilihama tu, ikaja kukaa kwangu.

"Marahaba," nilimjibu mwalimu hatimaye, nikamnyang'anya chaki. "Kaa naye pale kwenye benchi. Fungueni madaftari, nyote wawili."

Nilirudi Tinde baada ya wiki tatu, mada zote nne zikiwa zimefundishwa. Nilikuwa nimeanza na ukurasa ule nilioruka.