Mkenya Asiyekimbia

Kwa misimu miwili nilikuwa beki wa mwisho wa timu ya wanawake inayocheza mpira wa Kiaustralia kwenye uwanja wa kaunti, Oxon Hill, huku Marekani. Nilikuwa pia mwandishi wa daftari la timu. Kazi ya pili niliifanya vizuri kuliko ya kwanza.

Mpira wenyewe umechongoka ncha mbili kama papai, na uwanja wake una umbo la yai, milingoti minne kila upande. Unapiga kwa mguu, au unauweka kiganjani na kuugonga kwa ngumi kumpa mwenzako. Ukiudaka uliopigwa kwa mguu kabla haujagusa chini, filimbi inalia na mchezo unakusubiri: unarudi hatua chache, unapiga bila kusumbuliwa. Kwao wanacheza kumi na wanane kila upande. Sisi, kwa uchache wetu, tulicheza tisa: watatu nyuma, watatu kati, watatu mbele, na mmoja wa akiba. Hakuna mstari unaomzuia mtu. Beki akitaka kwenda kufunga, aende, ila akirudi akakuta kwake kumefungwa asimlaumu mtu.

Kocha wetu alikuwa mwanamke wa Kiaustralia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuja mara tatu kwa wiki kuwanyoosha wazee kwenye nyumba ya wazee ya Springfield ninakotunza mafaili. Alinipata mimi kwanza, chumba cha chakula, nikiwa na mdomo uliojaa wali. Mwaka uliofuata akampata rafiki yangu, nesi wa hapo hapo, Mkenya wa Kakamega anayeishi Beltsville, umri miaka thelathini na tisa, mrefu kiasi kwamba taulo za rafu ya juu wote tunamwita yeye atushushie.

"Mkenya!" kocha alisema, uso umemng'aa, na siku ya kwanza ya mazoezi akampanga kati. Kati ndiko kwenye mbio. Unapanda na kushuka uwanja mzima mpaka mbavu zinakuuma.

Kwenye gari tukirudi, rafiki yangu alikuwa amelaza kichwa kwenye kioo.

"Dada, mimi shuleni hata mbio za gunia nilikuwa nafika wa mwisho."

"Si umwambie?"

"Nimwambie aje? Ameshafurahi."

Ndivyo alivyokuwa. Kazini walimbadilishia shifti akasema sawa. Jirani aliegesha gari mahali pake akaenda kuegesha mtaa wa pili. Mimi nilimtania kila Alhamisi, siku ya mazoezi, kwamba Kenya wamekosea kumpa pasipoti, na yeye akanijibu kwamba Watanzania tungejua nini juu ya mbio, sisi ambao hata salamu tunaimaliza kwa nusu saa.

Mwaka ule mama yake alikuja kumtembelea kwa miezi mitatu, mara ya kwanza kupanda ndege. Aliyoyaona ni haya: binti yake anatoka alfajiri na sare ya bluu, anarudi jioni, anakula amesimama, analala. Wiki ya nane mama akamuuliza, "Kwani huku unaishi, ama unafanya tu kazi?" Rafiki yangu alinisimulia hilo akicheka, lakini alilisimulia mara tatu.

Timu yetu ilikuwa na desturi iliyotoka kwao kocha. Mchezaji anayecheza mechi yake ya kwanza hajivishi jezi mwenyewe. Anachagua mtu, na mtu huyo anamkabidhi mbele ya wote kabla ya mechi kuanza. Wengine walikabidhiwa na waume zao, mmoja na mwalimu wake wa zamani. Rafiki yangu alimtaka mama yake. Tatizo, alikuwa hajawahi kuchaguliwa. Alicheza mechi za mazoezi tu. Na mama alikuwa anaondoka Jumapili, siku moja baada ya mechi iliyofuata.

"Wakinichagua wiki ingine," aliniambia, "nitakabidhiwa na nani? Na wewe?" Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chai baridi.

Sasa daftari. Kila mechi ya mazoezi nilichora yai, na ndani yake nikaweka alama: nani amepata mpira wapi, ameupoteza wapi. Alama za rafiki yangu zilinisumbua. Mipira ya juu aliidaka yote. Sikumbuki mtu aliyempokonya hata mmoja angani. Lakini akipewa mpira wa mkono, ambao unatakiwa ukimbie nao mara moja, alisimama. Mguu mmoja ameugandisha chini, wa pili unazunguka, macho yanatafuta wa kumpa, na hapo hapo mtu anamrukia na kumwangusha. Tena kulikuwa na mistari myeupe ya soka iliyobaki kwenye nyasi zile, isiyotuhusu kabisa. Akimfukuza mtu, akifika kwenye mstari alisimama, kama amefungiwa mlango.

Niliangalia kurasa tatu nikiwa jikoni kwangu, na ghafla nikajiona mimi mwenyewe, darasa la sita, Dodoma, kwenye uwanja wa udongo wenye mistari ya majivu. Netiboli. Kwenye netiboli hutembei na mpira, ni kosa. Na kila mtu ana herufi kifuani zinazomwambia mwisho wake ni mstari upi.

Kesho yake nikamuuliza kazini. "Ulicheza netiboli?"

"Tangu darasa la tano. Nilikuwa mlinda goli wa shule, mpaka nikacheza wilaya. Kuna msichana wa Vihiga alilia juu yangu."

"Na kocha hujamwambia?"

"Hakuuliza. Aliniuliza kama kwetu kuna milima."

Mtu mrefu, anayedaka kila cha juu, anayemganda mtu mmoja tu asimwache, asiyetamani kuondoka mahali pake: nilijua huyo anapangwa wapi. Anapangwa nyuma kabisa, mbele ya milingoti. Ndipo nilipokuwa nimepangwa mimi. Na kwa mechi tulichaguliwa kumi tu, tisa na wa akiba, na wa akiba lazima awe mtu wa kukimbia. Akiingia yeye, mimi natoka. Kwa hiyo Alhamisi mbili nilifika na daftari langu, nikasoma idadi za mipira iliyodakwa, na ukurasa unaoonyesha anavyosimama kwenye mistari nikauruka.

Alhamisi ya tatu ndiyo ilikuwa ya kuchagua timu ya Jumamosi ile. Tulichagua nyuma ya gari la kocha, buti limefunguliwa, baada ya mazoezi jua likiwa bado lipo. Kocha alikuwa na sinia la bati la kuokea, amelichora yai kwa rangi ya kucha, na sumaku zenye namba zetu. Tulikuwa watatu: yeye, kapteni ambaye ni Mmarekani mkimya wa ofisi ya serikali, na mimi.

Kocha alipanga wa mbele, akapanga wa kati. Akashika sumaku ya rafiki yangu, akaizungusha vidoleni.

"Na Mkenya wetu?"

"Anadaka," kapteni akasema. "Lakini kati hatutaweza naye."

Kocha akaiweka ukingoni mwa sinia, kwa wanaopumzika. Kisha, kwa mazoea tu, akaniuliza, "Daftari linasemaje?"

Nilitazama uwanjani. Rafiki yangu alikuwa anaokota koni za mpaka, moja moja, polepole, ili asionekane anasikiliza. Koni zilikuwa zimebaki mbili.

Nikafungua ukurasa. "Huyu alikuwa mlinda goli wa netiboli," nikasema, nikawaonyesha alama na mistari.

Kocha alitazama kwa muda. Kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Nimecheza netiboli miaka kumi! Kwetu kila msichana anacheza. Nimekosaje kuona?"

"Ulikuwa unaangalia Mkenya," kapteni akasema.

Kocha akachukua sumaku, akaipeleka nyuma kabisa. Pale palikuwa na sumaku yangu. Akasita.

"Najua," nikasema.

Hakunishika bega wala kunisifu, namshukuru. Alisema Jumamosi nitabeba maji na ujumbe, kwa sababu katika mchezo huu kocha haingii uwanjani, humtuma mtu. Halafu akamwita rafiki yangu. Alikuja na koni zote kifuani, akasikiliza, akasema asante kwa Kiingereza, kisha akanigeukia.

"Nikicheza nyuma, wewe utakuwa wapi?"

"Kwenye maji."

"Wamekutoa?"

"Wamenipumzisha."

"Wewe Mtanzania na maneno yako matamu," akasema, na koni zikamponyoka zote.

Nilipovuka daraja la mto Potomac kwenda kwangu nilikuwa nimekasirika, na sikuweza kujua nimemkasirikia nani.

Jumamosi mama alikuja amevaa gauni la kanisani, kofia, na kiti chake cha kukunja. Tulisimama duara. Kocha akampa jezi, akamweleza kwa ishara amkabidhi binti. Mama akaishika kwa mikono miwili, akafumba macho, akaanza kuomba. Aliiombea jezi. Akamwombea binti, magoti ya binti, timu yote, mataifa yetu, na wageni waliotoka mbali, wafike kwao salama hata wakishindwa. Upande wa pili wageni walikuwa wamejipanga wanasubiri. Refa akatazama saa, akatazama kofia ya mama, akairudisha filimbi mfukoni.

"Amina," tukasema wote, kocha kwa sauti kuliko wote.

Mtu ambaye rafiki yangu alipaswa kumkaba siku ile alikuwa mshambuliaji wa wageni mwenye nywele nyekundu, mwepesi, mjanja wa kujifanya anakwenda kushoto. Rafiki yangu hakudanganyika kwa sababu hakuwa na haraka. Mpira wa kwanza wa juu ulipokuja alinyoosha mikono, akaudaka, akasimama. Filimbi. Wote wakamwachia nafasi.

"Mbona wanamwacha?" mama akaniuliza.

"Ameudaka, mama. Sasa ni wake."

"Aa." Akasogeza kiti mbele.

Robo ya mwisho ya mchezo tulikuwa nyuma kwa pointi chache. Kocha akanivuta mkono. "Mwambie apande mbele. Nahitaji mtu mrefu kule."

Nikakimbia na chupa zangu uwanja mzima. Rafiki yangu akanywa, jicho moja kwa nywele nyekundu.

"Kocha anasema upande mbele."

Akasukutua, akatema. "Mwambie hapana."

"Hapana?"

"Huyu nikimwacha dakika moja anafunga. Mwambie kwa heshima, lakini hapana. Mimi nakaa hapa."

Nikarudi mbio. Mama akanizuia njiani kwa mkono. "Amesema nini?"

"Kocha amemwambia ahame, mama. Amekataa."

"Amekataa mzungu? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Mama akavua kofia, akajipepea nayo. "Haya," akasema. "Huyo sasa ndiye yule ninamjua. Miezi mitatu nilikuwa nashangaa nimekuja kwa nani."

Kocha nilimfikishia jibu neno kwa neno. Alitazama kule nyuma, akatia mikono mfukoni.

Tulishindwa kwa pointi tatu. Katika daftari la siku ile, mwenye nywele nyekundu hana hata moja.