Mlango Wangu Kwenye Maonyesho

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikwenda Dar es Salaam kuandika vibao vya maduka. Akarudi na ndevu na debe la brashi, akasema yeye sasa ni msanii na anataka kufanya maonyesho yake peke yake. Mama mkwe akamuuliza, "Peke yako? Kwani watu wamekukataa?" Akajibu kwamba huko mjini ndivyo wafanyavyo, mtu mmoja anaonyesha na wengine wote wanatazama. Mama mkwe akasema hata mlevi hufanya hivyo.

Kijiji chetu kilikuwa kipya, kwenye barabara ya kwenda Namanyere. Tulihamishiwa pale kwa amri, na kila mtu alibeba alichoweza. Mume wangu alibeba mlango. Aliung'oa kwenye nyumba ya zamani, mbao za mninga tupu, akajitwika kutwa nzima, na tulipofika tukajenga nyumba kuufuata mlango. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na nyasi kama za wenzetu. Chenye thamani kilikuwa mlango.

Mwenyekiti wa kijiji alimpa shemeji ghala la ushirika, maana lori lilikuwa limeshachukua mahindi. Mwenyekiti alifurahi kupita kiasi. Hakuna kijiji cha jirani kilichokuwa na maonyesho, na yeye mwenyewe hakujua ni nini, lakini alijua wenzake hawana.

Shemeji alichora juu ya magunia yaliyopakwa chokaa. Nyekundu ilikuwa udongo wetu, nyeusi masizi ya sufuria zetu, na buluu ilikuwa ile ya kufulia mashati. Picha moja ilikuwa ya ng'ombe amekaa kwenye kiti, watu wako zizini. Nyingine ya mwenyekiti, hana masikio. Mwenyekiti aliitazama muda mrefu akasema kanzu imetoka vizuri.

Kisha kulikuwa na vitu visivyochorwa, vilivyowekwa tu. Majembe yalining'inizwa darini kwa kamba, watu wakawa wanajigonga vichwa. Chini alitengeneza matuta matatu ya mviringo, yale tunayoyaita intumba, kama ya shambani, nyasi zimefukiwa ndani inavyotakiwa, akapanda na maharage. Bwana shamba alipoyaona akasema yamekaa sawa kuliko ya watu wanaolima nje.

Katikati akataka mlango.

"Shemeji, niazime mlango wako. Siku mbili tu."

Nikamwambia hapana. Mume wangu alikuwa Kabwe, ziwani, kuvua dagaa, mimi nina mtoto wa wiki tatu, na ulikuwa mwezi wa sita, upepo wa Ufipa unakata kama wembe. Akaenda akamleta mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Mama, hii ni kazi ya kijiji," na nikautoa. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Mgeni rasmi alikuwa aje Jumamosi kutoka Sumbawanga. Hakuja, hakukuwa na petroli. Jumamosi ya pili alikuwa na mkutano. Nikaenda kuchukua mlango wangu.

"Huwezi kuuondoa," mwenyekiti akaniambia. "Maonyesho hayajafunguliwa."

"Basi yafunge."

"Mama, kitu kisichofunguliwa unakifungaje?"

Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Nikatundika gunia mlangoni. Mbuzi wa jirani akalisukuma kwa pembe, akaingia, akatafuna nepi mbili. Mtoto akaanza kukohoa. Mganga wa zahanati akaniagiza nimkinge na upepo. Nikamwambia upepo tunaishi nao, una upande wake wa kitanda. Hapo sikuwa natania. Nilikuwa nimeshazika mtoto mmoja kwa kifua, na kikohozi kile nilikijua.

Wiki zikapita, maharage yakaota mle ghalani, meupe kama kucha. Mwenyekiti akapanga zamu ya wanawake kuyamwagilia. Nami nilikwenda, mtoto mgongoni, namwagilia huku nautazama mlango wangu.

Ulisimamishwa kwa magongo mawili, hauna ukuta kulia wala kushoto. Trekta lingeweza kuuzunguka. Lakini sikuona mtu akiuzunguka. Kila aliyekuja kuchungulia alisimama mbele yake, akasema "Hodi!" akangoja. Nikiwepo, naitikia karibu, maana mlango ni wangu. Nisipokuwepo wanangoja wee, wanarudi kwao. Balozi wetu wa nyumba kumi alikwenda mara mbili akasema wenyewe hawapo.

Mgeni akafika wiki ya tano, kwa Landrova. Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilichukua kigoda, nikakaa nyuma ya mlango wangu na mtoto wangu.

Alianzia kwenye picha. "Huyu nani?"

"Ni mimi, Ndugu Mgeni Rasmi," mwenyekiti akasema.

"Masikio yako wapi?"

Shemeji akadakia, "Bado hayajafika."

Mgeni akacheka, akajigonga kwenye jembe, akafika mlangoni.

"Hodi!"

Nikamfunika mtoto vizuri.

"Hodi hapa!"

Mtoto akakohoa. Nikamsikia mgeni akiuliza, "Wenyewe wamo?"

"Zunguka tu, Ndugu," mwenyekiti akamwambia, "hakuna ukuta."

"Nizunguke nyumba ya mtu kama mwizi?"

Mwenyekiti akachungulia kutoka ubavuni, jasho linamtoka na baridi yote ile. "Mama, sema karibu!"

"Sisemi."

"Mgeni ana safari!"

"Na mwanangu ana kikohozi."

Mgeni akaongea na mbao. "Mama, kuna mgonjwa humo ndani?"

"Humu hamna ndani, mzee wangu. Ndani ni kwangu kule, na kule hakuna mlango."

Mgeni akamuuliza shemeji, "Huyu mama ni sehemu ya maonyesho?"

"Ndiyo," shemeji akasema, macho yanamng'aa, "ndiye hasa."

Nikamwambia anyamaze. Nikamweleza mgeni yote, siku mbili zilizokuwa wiki tano, mbuzi, mganga, yote. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi.

"Mlango utarudi leo," akasema.

"Leo saa ngapi?"

"Nikishapita."

"Basi karibu."

Akafungua, akainamisha kichwa ingawa hakuhitaji, akafuta viatu, akaingia. Akawa palepale ghalani, upande wa pili. Akamtazama mtoto, akaniambia, "Asante, mama. Pazuri." Watu wakapiga makofi, na mwenyekiti akatangaza kwamba maonyesho yamefunguliwa.

"Na sasa yamefungwa," mgeni akasema. "Shikeni huo mlango."

Waliubeba mwenyekiti mbele, shemeji nyuma, mimi nafuata na misumari kwenye upindo wa kanga. Shemeji aligongelea bawaba huku akilalamika kwamba nimemharibia kazi, nimemwondolea kitu cha katikati. Nikaufunga mlango, nikaufungua, nikaufunga tena. Nyumba ikatulia. Nilimlaza mtoto kitandani, nikakaa namsikiliza anavyopumua, na mama mkwe akasonga ugali.

Shemeji alikuwa bado amesimama nje na nyundo yake. Nikamwita aingie ale, na afunge mlango.