Debe la Baraka la Thadeo

"Basi hilo debe livishe na rozari kabisa, tujue moja!" Matrida alimfokea mumewe, jembe begani, matope mpaka magotini. "Kijiji kizima cha Guta kimepanda. Hata Isaya mlevi kapanda. Mtama wake umeshaota, unatuchungulia uani unatucheka!"

"Mama Lilian, hizi siyo mbegu za mnadani," alijibu Thadeo, kalikumbatia debe kama mwali wa kutorosha. "Padre kazinyunyizia maji ya baraka. Leo nizifukie matopeni, mbuzi wazikanyage?"

"Sasa alizibariki ili iweje? Zisome?"

Mtu huyu Thadeo, kila alichopata alikipeleka kanisani. Jogoo wake alibarikiwa, na tangu hapo Ijumaa Kuu hawiki, anatikisa kichwa tu. Baiskeli ikabarikiwa, naye akaacha kutengeneza breki, ati malaika watashika. Mteremko ukambeba mpaka ziwani, akazama, watu wakaanza kulia. Alipoibuka alikuwa na sato wawili mfukoni, mmoja bado anapiga mkia. Anayebisha akamuulize sato.

"Ulikuwaga hivihivi na ile baiskeli," Matrida akasema. "Baraka siyo hirizi, Baba Lilian."

"Nilitoka na sato, sikutoka?"

"Ulitoka bila baiskeli!"

Lilikuwapo jambo ambalo Thadeo hakuwahi kulisema. Mwaka jana jua lilikausha shamba lote, wakalala na uji mwembamba hata kivuli cha mtu kikapungua unene. Mbegu hizi ndizo walizojinyima. Zikiwa ndani ya debe, baraka bado nzima. Je, zikienda ardhini zikagoma? Atamwambia nini Mungu, na Mungu atamwambia nini yeye?

Matrida akafunua mfuniko. Fukusi mmoja akapanda ukingoni, akatulia.

"Karibu, mbarikiwa!" Matrida akamsalimu. "Ona kitambi. Wewe unalinda, mwenzako anakula."

Thadeo akamtazama fukusi, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na zisipoota?"

Matrida akashusha jembe. Mzaha ukampungua kidogo, haukuisha.

"Siku ya ndoa padre alinibariki na mimi. Mbona hukuniweka darini kama debe hili?"

"Ningelala usingizi mzuri."

"Na Lilian ungemtoa wapi? Kwa fukusi?"

Binti yao Lilian alikuwa ameolewa Kamunyonge, ana watoto wanaomvuta babu yao ndevu kila Krismasi. Hilo nalo halikutoka ndani ya debe.

"Lakini Mama Lilian, mvua ya siku hizi unaijua. Inaanza vizuri, halafu..."

"Hodi humu!"

Aliingia Yunis, mjane wa nyumba ya pili, kanga imemganda mwilini, bakuli tupu mkononi. Maji ya mvua ya jana yalikuwa yamelikomba shamba lake, mbegu zote zimekwenda ziwani.

"Shemeji, nimekuja kwako. Nasikia unazo zilizobarikiwa..." Akaona wawili wameshika debe moja, akalirudisha bakuli kifuani.

"Ninazo, shemeji, ila hizi..." Thadeo alianza. Bakuli likasogea tena, karibu na debe. Kabla hajamaliza kusema, mikono yake yote miwili ilikuwa imekwisha kuzama ndani ya mtama, inamchotea za kupanda.