Jibu la Wambui Kutoka Juba

Sitaficha, mimi ndiye niliyewafukuza wakwe wa dada yangu kwa vipaza sauti vya kukodi, mbele ya hema mbili zilizojaa watu, na mpaka leo kuna wazee kule kwetu Gatuanyaga, karibu na Thika, ambao wakiniona nikishuka kwenye bodaboda wanakohoa na kutazama pembeni. Aibu hiyo ni yangu na nimeibeba. Lakini nina hasira pia, na hiyo hasira sitakubali kuibeba peke yangu, kwa sababu kuna kampuni mbili za simu, moja ya hapa na nyingine ya nchi jirani, ambazo zilibandika picha zao barabarani zikituambia sisi ni ndugu, mpaka umeondolewa, pigeni simu kama mko nyumbani, na mtu mjinga mmoja akaamini. Mjinga huyo alikuwa na kofia yangu kichwani.

Mimi niliacha shule kidato cha kwanza, na tangu hapo nimefanya kila kitu: nimeuza mitumba Ruiru, nimelinda hosteli za wanafunzi Juja, nimefunga madishi ya televisheni kwenye paa za watu Thika, nimechimba mitaro. Kazi sikai nayo, lakini sipiti karatasi iliyoandikwa bila kuisoma, hata ile ya kufungia mandazi. Kwa hiyo lile tangazo nililisoma lote, hata maandishi madogo ya chini (hayo niliyasoma haraka, nakubali). Lilisema kampuni zetu za kanda hii zimeungana, kwamba ukivuka mpaka na laini yako ya Kenya utapokea simu bure na utapiga kwa bei ya nyumbani. Nilifurahi kama niliyeshiriki mkutano wao wa kuungana. Nikaanza kumhubiria kila mtu. Muuza chipsi nilimweleza. Kinyozi nilimweleza akiwa na wembe shingoni mwangu.

Sasa, dada yangu Wambui ni muuguzi, na wakati huo alikuwa amepata kazi ya mkataba katika zahanati moja nje ya Juba, Sudan Kusini. Kijana anayeitwa Ndung'u alikuwa anataka kumwoa, na familia yake, watu wa Kahawa Sukari wenye nyumba ya orofa na geti jeusi, walikuwa wamekubaliana na wazee wetu siku ya ruracio, ile ya kuja rasmi kuongea mambo ya mahari. Hema zilikuwa zimelipiwa, mbuzi wamefungwa, halafu wiki ya mwisho Wambui akapiga simu akisema likizo yake imefutwa, mwenzake ameugua na zahanati haiwezi kubaki bila mtu.

Mama alisema tuahirishe. Mzee Gitau, kaka mkubwa wa marehemu baba, ambaye ndiye msemaji wetu, naye alisema tuahirishe, kwa sababu kwetu hakuna kinachopokelewa kwa wageni kabla msichana hajasimama mbele ya watu na kuulizwa kama anawajua na kama anawataka. Asipojibu mwenyewe, hakuna ruracio. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikasema kwa nini tupoteze chakula, tutamuuliza kwa simu, ana laini yake ya Kenya, tangazo linasema ni kama yuko Thika mjini. Mzee Gitau akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia, "Mzee, siku hizi Juba na Gatuanyaga ni mtaa mmoja." Nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujiuma.

Jioni ya Ijumaa tulijaribu. Wambui alishika simu, tukasalimiana, akaniambia sauti yangu inamfikia kwa kuchelewa na kwamba angependa niulize vizuri habari ya malipo, maana wenzake wa Kenya pale walikuwa wanalalamika. Nikamwambia awache wasiwasi wa kina mama, mkataba wa kampuni umetiwa sahihi na wakubwa. Simu ilikuwa ya dakika moja hivi. Nikaliita hilo jaribio.

Jumamosi wakaja, magari yameoshwa mpaka vumbi letu likaona haya kuyagusa. Mama yake Ndung'u ni Mluhya, kwa hiyo tulikuwa tumekubaliana mazungumzo yawe kwa Kiswahili ili kila mtu afuate. Langoni waliimba, wakatozwa faini ya mzaha kama kawaida, wakaingia, wakakaa. Mimi nilikuwa fundi wa siku. Nilichukua maikrofoni isiyo na waya, nikaifunga na simu yangu kwa utepe mweusi wa fundi umeme, mdomo kwa mdomo, simu nikaiweka kwenye spika, na ikawa kila kinachosemwa na simu kinatoka kwenye vile vipaza sauti vikubwa vya kanisa tulivyokodi. Watu walitazama wakasema huyu kijana ana akili. Nilijisikia vizuri, kwa nini niseme uongo.

Wakati ulipofika nikampigia Wambui, akaitika, hema zote zikapiga makofi. Mzee Gitau akasimama, akarekebisha kofia, akauliza kwa sauti ya sherehe, "Wambui, mami, hawa watu waliokuja hapa leo, unawajua?"

Kimya. Kimya cha kutosha mtu kumenya ndizi na kuila nusu.

Mzee Gitau hawezi kuvumilia kimya, ndiyo maana anaitwa kila mahali kuwa msemaji. Akacheka kidogo, akawageukia wageni, akawatania, "Ama mmepotea njia? Mami, niwafungulie lango warudi kwao?"

Na hapo hapo vipaza sauti vikanguruma, sauti ya dada yangu, ya furaha kabisa: "Ndiyo. Ndiyo, ankoo. Hata wamechelewa, siku hii nimeingoja sana."

Nyinyi mnaosoma mnajua alikuwa anajibu swali la kwanza. Mimi nilijua. Lakini watu mia na kitu waliokuwa pale walisikia msichana akiulizwa kama wageni wafukuzwe, naye akasema wamechelewa hata kuondoka. Upande wetu baadhi walicheka, jambo ambalo liliharibu zaidi. Upande wao hakuna aliyecheka. Ndung'u alikuwa na tabasamu usoni na lilibaki pale bila mwenyewe, kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Shangazi yake, mama mmoja mwenye kilemba cha dhahabu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe wameitwa kutoka Kahawa Sukari waje kufukuzwa na redio.

Ningenyamaza. Ningengoja tu, sauti ingefika, tungecheka wote. Badala yake nilirukia maikrofoni yangu nikapaza sauti, "Wambui, waambie watu, unamtaka Ndung'u ama humtaki?" Na wakati huo huo, kule Juba, mzaha wa mzee kuhusu lango ulikuwa ndio umemfikia, naye akaujibu huku akicheka: "Hapana! Hapana jamani, msinifanyie hivyo."

Kisha simu ikakatika.

Nikapiga tena. Mwanamke wa mashine akatangazia hema zote mbili kwamba mteja niliyempigia hapatikani. Nikapiga tena, akarudia, kwa upole uleule, na kwa vipaza sauti vya kanisa upole huo ulisikika mpaka barabarani. Mmoja wa wazee wa Ndung'u akasema basi, amezima. Nikajaribu kueleza kwamba ni kuchelewa kwa sauti, kwamba majibu yalipishana na maswali, lakini jaribu wewe kuwaeleza watu waliokasirika na wenye njaa kuhusu sauti kuchelewa. Mzee Gitau mwenyewe alinitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe wa kuchora.

Basi nikashikwa na hasira ambayo haijawahi kunishika tena. Nikatoka mbio nikaenda nyuma ya jikoni, kwenye jenereta, mahali pa kelele ambapo nilijua hakuna atakayenisikia, nikapigia simu kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni yetu. Muziki, muziki, halafu msichana mmoja mwenye adabu akaniuliza anisaidie vipi. Nikamweleza. Akaangalia kompyuta yake, akasema dada yangu salio limeisha, kwa sababu alikuwa analipishwa kupokea. Nikamwambia tangazo lenu linasema kupokea ni bure. Akasema ni kweli, ndivyo mkataba unavyosema, lakini upande wa Juba kampuni ya kule haijakamilisha, kwa hiyo niwaulize wao. Nikamuuliza kama amewahi kumsikia mtu akitangaza harusi kabla ya kumuuliza bibi harusi. Akasema anaelewa hisia zangu.

Hapo ndipo nikapasuka. Nikamwambia (na haya nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu watu wengi wamenirudishia), "Sikiza, dada. Hapa kuna watu wa Kahawa Sukari wanaofuta viti vyetu kwa kitambaa kabla ya kukaa. Hao walikuja wakitafuta sababu ya kutudharau, na nyinyi ndio mmewapa."

Nikageuka, na mama alikuwa amesimama nyuma yangu na aproni yake ya sherehe. Alinyoosha mkono, akachukua ile simu niliyokuwa nimeikamata kwa hasira, na ndipo nikaona utepe mweusi. Maikrofoni ilikuwa bado imefungwa kwenye simu. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Jenereta lilikuwa limenizuia mimi peke yangu kusikia.

"Tumesikia, Njoroge," mama akasema. "Hata yule msichana wa kampuni tumemsikia. Ana heshima kukushinda."

Niliporudi walikuwa wanasimama. Shangazi wa kilemba alikuwa na kitambaa chake mkononi, amekiinua juu ili kila mtu akione. Baba yake Ndung'u, mtu mpole, alimpa Mzee Gitau mkono akasema hawana ugomvi na mtu, lakini mwanamke haulizwi kwa mashine, na watarudi siku Wambui atakapokuwa amesimama pale kwa miguu yake, kama atataka kusimama. Ndung'u alinipita bila kunitazama. Chakula kilibaki. Mbuzi watatu, mukimo, sufuria za wali, vyote vilibaki, na magari yakaondoka moja moja.

Wambui alipiga jioni ile kwa simu ya mwenzake. Hakunipigia mimi, alimpigia mama, halafu akaomba nipewe. Nilianza kumweleza habari za kampuni, akanikatiza.

"Ndung'u ameniuliza kama ni kweli nilikuwa ninangoja kumfukuza," akasema. "Unajua nimeulizwa hivyo na mwanaume ninayempenda? Mimi nakuja."

Aliomba ruhusa zahanatini akanyimwa, na akaja hivyo hivyo. Alipanda basi Juba, akavuka Uganda yote, akashuka Ruiru miguu imevimba, na zahanati ikaajiri mtu mwingine kabla hajafika. Kazi hiyo alikuwa ameitafuta kwa muda mrefu, na aliipoteza ili aje aseme neno moja. Hilo ndilo linalonifanya niamke na ngumi zimekunjwa. Si vile nilivyochekwa. Mtu alikaa katika hoteli, akatia sahihi, akapigwa picha ameshikana mkono na mwenzake wa nchi ya pili, wakala, wakaenda, na hakuna hata mmoja wao aliyempigia jirani simu kuona kama inapita.

Maana nilikwenda kuuliza, siwezi kuwacha jambo bila kuuliza. Nilipata kibarua cha kuchimba mtaro wa nyaya za intaneti pale bypass ya Ruiru, nikamganda mhandisi wa kampuni iliyotuajiri mpaka akanieleza. Alisema mara nyingi hizi kampuni za kanda hukubaliana bei kabla ya kuunganisha nyaya, kwa hiyo sauti ya mtu wa Juba huenda ilipelekwa kwanza Ulaya, kisha ikarudishwa Kenya. Nilimwomba arudie. Akarudia. Dada yangu alitembea Ulaya bila viza, akiwa amekaa kwenye benchi la zahanati, ili amfikie baba mkubwa kwenye nchi ya jirani. Na kila kampuni, alisema, inangoja nyingine ianze. Nilichimba siku hiyo kama ninayezika mtu.

Kampuni yetu walinijibu baada ya malalamiko mengi. Walituma ujumbe wa kusikitika na dakika za bure za kupiga simu. Ndani ya Kenya pekee.

Wakwe walirudi, Mungu ni mwema, shangazi na kilemba chake wakiwa mbele. Nilikuwa nimeshakwenda kwao Kahawa Sukari na Mzee Gitau kuomba msamaha, nikaketi kwenye kiti chao kama kilivyo, na baba yake Ndung'u akanipa chai. Lakini siku ya ruracio ya pili mama aliniweka kwa mbuzi, nyuma ya nyumba, na simu yangu akaiweka kwenye mkoba wake. Vipaza sauti havikukodiwa. Kwa hiyo nilisimama na kisu mkononi nikitega sikio, na watu wote walinyamaza hivi kwamba nilisikia Mzee Gitau akivuta pumzi. Akaanza, "Wambui, mami, hawa watu waliokuja hapa leo..."

"Nawajua, na ninamtaka," Wambui akasema, kabla mzee hajafika kwenye swali.

Vigelegele vikapanda. Mimi nililia pale kwa mbuzi, nusu kwa furaha na nusu kwa hasira, na bado sijui nusu ipi ilikuwa kubwa. Tangu siku hiyo simu naitumia kuuliza bei na kuitikia salamu, basi. Neno ambalo maisha ya mtu yanalingoja sitamwachia tena mfanyabiashara anibebee. Nitapanda basi nilipeleke mwenyewe.